Nilimcheka Mtani Wangu, Shamba la Baba Likaenda

Nina miaka arobaini na sita. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na nusu ya maisha yangu nimeishi na begi mgongoni. Sasa nimepanga chumba kimoja Mjimwema, hapa Songea. Ninayoyaandika leo sijawahi kumsimulia mtu yote. Ndugu msomaji, usinicheke... wa kunicheka nilikuwa naye mmoja, na laiti ningemsikiliza!

Baba alipofariki aliniachia shamba la ekari tatu kule Maposeni. Yeye mwenyewe alizikwa kwenye kona ya shamba hilo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, miguu inaniwasha, nimesikia habari za mawe ya vito huko Tunduru. Nikaliuza! Nilimuuzia jirani yetu, Mzee Komba, kwa bei ya kutupa, nikaondoka bila hata kumuaga mama vizuri.

Mawe sikuyapata. Nilibeba magunia ya korosho, nikapanda Mbinga kuchuma kahawa, nikateremka mpaka Ziwa Nyasa. Kila nilikolala niliota mahindi ya Maposeni yanavyonukia mvua ikikatika. Unaweza kukimbia kwenu miaka ishirini, lakini kwenu hakukukimbii...

Niliporudi nilikuwa na ufundi mmoja tu, kutengeneza mashine za kusaga. Nabadili beringi, mikanda, nyundo na chekeche. Nilikuwa nazunguka na baiskeli Peramiho, Maposeni, Mpitimbi, popote mashine ilipogoma. Nikapanga vyumba viwili, nikamchukua mama tuishi wote. Alikuwa mzee sana, mgongo umepinda, lakini hakuwahi kunisuta kwa lile shamba. Aliniomba jambo moja tu.

"Mwanangu, sikudai nyumba wala kanga. Nikifa, nilaze pembeni ya baba yako."

Nilikwenda kwa Mzee Komba. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba, mzururaji! Umechoka kuzunguka dunia?" Hakuwa na roho mbaya. Miaka yote alilima akilizunguka kaburi la baba, jembe halikuligusa. Alikubali kuniuzia tena kwa milioni tatu, ila alinipa mwisho: mavuno ya mwaka unaofuata. Mjukuu wake alikuwa anaingia chuo na alihitaji ada. "Mavuno yakipita, usinilaumu," alisema.

Nikaanza kuweka. Elfu tano, elfu kumi, siku ya bahati elfu ishirini. Kisha nikajiuliza, kwa nini pesa ilale kwenye kopo wakati inaweza kuzaa?

Nilichukua daftari nikauliza watu. Niliambiwa kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ile ambayo watu wengi wanachangia, unanunua vipande kwa simu yako, bei yake inapanda polepole, na ukitaka kutoa unasubiri siku kadhaa. Kuna gharama kidogo. Nikaandika. Nilikuwa nimeshaamua kujiunga huko, Mungu ni shahidi!

Ndipo akaja Ditrick.

Ditrick tulilala godoro moja bweni miaka minne. Nilipoumwa malaria kali Tunduru, ndiye aliyenitumia nauli. Mtu kama huyo utamtilia shaka vipi? Alilitazama daftari langu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"We Osmund, pesa yenyewe ndogo hivi, wakikumega kila siku utabaki na nini? Njoo huku kwetu. Hakuna ada, hakuna makato. Hata senti haipotei!"

Nikamuuliza kama na yeye ameweka. "Zangu zote zimo," akajibu. "Nitakuingizaje mahali ambapo mimi mwenyewe simo?"

Nikaichana ile karatasi ya daftari. Niliichana mwenyewe, kwa mikono hii!

Ilikuwa programu ya simu, jina lake sitalitaja, na akiba yangu yote nikaiingiza humo. Kila asubuhi niliifungua na kukuta namba zimepanda. Nilimwonyesha mama. "Tazama, mama, shamba linarudi." Alikigusa kioo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tulikuwa na msiba Mpitimbi. Huko nilikutana na Mama Mgaya, Mbena anayeuza maharage sokoni. Sisi Wangoni na Wabena ni watani: wao hutuita wala panya, sisi tunawaita walevi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msibani mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya jembe, hata kushuka kaburini asitoke mpaka umlipe. Hukasiriki. Unacheka, unatoa hela ya utani, na huzuni inapungua.

Siku hiyo nilikuwa nawaonyesha wanaume simu yangu. Mama Mgaya akaipokonya, akasimama katikati ya waombolezaji.

"Jamani, njooni mumwone mla panya huyu! Ati pesa yake inazaa bure, hakatwi hata senti! We Mngoni, si ni fundi wa mashine wewe? Mashine isiyokunywa dizeli umeiona wapi?"

"Hii ni ya kisasa!" nikamjibu.

"Basi inakunywa wewe!"

Msiba mzima uliangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikampa elfu moja ya utani, akanirudishia simu.

Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka kwenye baiskeli yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Baba, pale nilitania. Hapa sitanii. Kaulize kwanza kama hao watu wana kibali."

Na mimi nilifanya nini? Kwetu neno la mtani huliweki moyoni. Nilidhani anaendeleza yale yale. "Nenda kanywe ulanzi wako, Mbena!" nikamwambia, nikapanda baiskeli huku nacheka peke yangu...

Mavuno yakafika. Kwenye simu milioni tatu zilikuwa zimetimia na kuzidi. Nikabonyeza kutoa. Nikajibiwa ombi linashughulikiwa. Wiki ikapita. Kisha nikatakiwa nilipie kwanza laki mbili za kufungulia akaunti. Iko wapi ile "hakuna ada"? Nilikopa, nikalipa! Siku mbili baadaye programu haikufunguka tena.

Ditrick hakupokea simu. Nikaenda kwake. Nyumba ilikuwa na bati jipya jekundu, na yeye ameketi barazani anakula mhogo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tumeibiwa wote."

Akatafuna. Akameza. "Mimi zangu nilitoa mwezi wa pili."

Mwezi wa pili! Mwezi ule ule mtani wangu aliponionya, mimi nikacheka!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, mngekimbia wote. Nani angenilipa ile kamisheni ya kuwaleta?"

Alisema hivyo bila kuinua uso. Nilikumbuka godoro letu la bweni, nikalia mbele yake kama mtoto. Polisi nilikwenda, maelezo wakachukua, mpaka leo nasubiri.

Mzee Komba alinivumilia wiki mbili zaidi, mjukuu akawa anaikosa nafasi ya chuo. Akaliuza shamba kwa tajiri wa mjini anayelima parachichi. Seng'enge zikazungushwa pande zote, na kaburi la baba likabaki ndani.

Nilimweleza mama. Akasema, "Basi, mwanangu." Mvua za kwanza zilipoanza, akafariki.

Nilikwenda kwa yule tajiri, nikapiga magoti. Akasema alinunua shamba, hakununua makaburi. Mama tulimzika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowafahamu.

Mama Mgaya alikuja. Watu wote walimsubiri, hata wachimbaji waliacha jembe moja pembeni ya kaburi ili alinyakue. Mimi nilikuwa nimeishika elfu moja mfukoni. Nilitamani anitukane! Aniite mla panya, mpumbavu, chochote...

Alinitazama. Kisha akapita, akaketi na wanawake wengine, akaziba mdomo kwa kanga. Msiba ule haukuwa na mtani, na nilijua ni kwa sababu yangu.

Ndugu wasomaji, nawasihi! Pesa ndogo ina machozi mengi kuliko kubwa. Kabla hujaiweka popote, uliza kama wana kibali, na uliza wao wanakula wapi. Anayekutajia makato yake mchana kweupe ni afadhali kuliko anayekuambia hali chochote. Na usimkabidhi rafiki macho yako, hata kama alikutumia nauli ukiwa mgonjwa.

Sasa naweka elfu tano tano kwenye vipande vya ile mifuko ambayo karatasi yake niliichana. Yule tajiri hauzi, nimeshamuuliza mara mbili. Nikienda kutengeneza mashine Maposeni, napita kando ya seng'enge, nauona msalaba wa baba kati ya miche ya parachichi. Siku hizi huwa nashuka kwenye baiskeli.

Kama nawe una mtani, mpe hela yake ya utani. Lakini usiondoke kabla hujamuuliza: hapo ulikuwa unatania?