Flashi ya Marehemu Cephas

"Ni wewe mama uliingiza hiyo kitu kwa nyumba yangu, si mtu mwingine!"

Hivyo ndivyo Trizah aliniambia jana. Mke wa mwanangu, amesimama na sufuria mkononi, na hilo neno mama alilitoa kama mtu anatema maganda. Nikamwambia, "Na ni nani alikuwa analia hapa kila siku flashi, flashi, flashi? Ni mimi nilikuwa napiga watu picha?"

Akasema, "Gordon alitaka flashi. Hakutaka mwenye flashi."

 Bochaberi, kwa hii boma hakuna mtu amewahi kuninyamazisha, hata marehemu mzee wangu alishindwa. Trizah jana aliweza. Weka hizo gunia chini ukae. Kesho unashuka Muhuru Bay kuchukua dagaa, hizo omena zako, na kuna kitu nataka ufike nayo.

Mwanangu Gordon unamjua, yule wa studio hapa Ndhiwa, mlango wa bluu karibu na kisiagi cha unga. Tangu watu wapate simu, studio ilikuwa imekufa. Kuku walikuwa wanataga pale ndani. Halafu akapata kamera ya zamani kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, ile ya kuweka filamu, na watu wa Kisumu wakaanza kumtafuta, vijana wanaooana, ati wanataka picha nyeusi na nyeupe. Nikamuuliza, "Mtu ana simu yenye rangi zote za Mungu, anatakaje kuonekana kama mimi nikiwa msichana?" Akacheka. "Mama, hiyo ndiyo wanalipia."

Shida ilikuwa vitu vya hiyo kamera. Hakuna duka linauza. Alitafuta kwa mafundi wa redio Migori, akatafuta Kisii, akatafuta kwa simu kwa watu hajawahi kuona. Mmoja alimtumia mkanda wa shingo ukakatika siku ya kwanza, kamera ikaanguka kwa matope. Mwingine alimtumia flashi ikatoa moshi. Akajifunza kuchagua kama vile mimi huchagua kuku sokoni: anainusa lenzi kama ina ukungu ndani, anaitingisha asikie kama kuna kitu inacheza, anafungua mahali pa betri aangalie kama kuna kutu ya kijani. Kumi anazikataa, ya kumi na moja bei yake ni ya ng'ombe.

Sasa ndio Cephas akafa.

Cephas wa Kisegi alikuwa bwana ya mdogo wangu Benta. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga picha, miaka arobaini, matanga yote ya upande ule ni yeye. Unajua vile sisi hufanya: kabla jeneza lifungwe, familia inasimama nyuma yake, mke upande wa kichwa, watoto wanafuata, wanapigwa picha na mtu wao mara ya mwisho. Cephas alikuwa anainama pale mbele na kusema kwa sauti yake ya kifua, "Songeni karibu. Songeni, nafasi bado iko katikati." Wafu wetu wote walio ukutani, ni yeye aliwaweka.

Na yeye alizikwa bila picha hata moja. Alikuwa na wake wawili, Kezia mkubwa na Benta mdogo, na kukazuka maneno pale pale mbele ya jeneza, nani atasimama upande wa kichwa. Kezia akatoka, akarudi kwa kijana wake Muhuru Bay. Jeneza likafungwa hivyo.

Kezia akakataa kurudi hata kwa nanga. Wewe kwenu Kisii hamna hiyo. Kwetu mtu akishazikwa, kuna siku wazee wanatoa nguo zake na vitu vyake nje wanagawa, hiyo ndiyo nanga. Kabla ya hiyo siku, hata kijiko chake hakitoki kwa boma. Na bila mke mkubwa hiyo siku haiwezi kufika.

Mwezi wa pili baada ya mazishi tulienda na Gordon kumjulia Benta hali. Ukutani kulikuwa na mfuko wa ngozi wa marehemu kwa msumari. Yawa, macho ya mwanangu! Akaushusha, akafungua. Lenzi tatu safi kama maji ya kisima. Waya zake. Flashi, na pale mahali pa betri pakiwa safi kama sahani ya mgeni. Akaninong'oneza, "Mama, hii nimeitafuta miaka miwili. Ongea na mamdogo."

Nikaongea. Benta akasema, "Dada, nanga bado."

Nikamwambia, "Nanga ni ya nguo. Nani anavaa flashi?"

Akacheka, na alikuwa hajacheka tangu matanga. Tukampa kuku wawili na simu ambayo Gordon alikuwa ameacha kutumia, tukabeba mfuko. Rahisi mpaka Gordon alikuwa anaogopa kutabasamu kabla tufike barabarani.

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, jua kali. Trizah alikuwa anasonga ugali. Akasikia wiiii, nyembamba, kama mbu anayepanda juu, juu, mpaka sikio linashindwa kumfuata. Akaniita polepole. Tukaingia chumba cha mbele. Flashi ilikuwa kwa rafu, kile kitaa chake kidogo cha rangi ya chungwa kinawaka. Halafu paa! Chumba chote kikawa cheupe, na ikaja harufu ya siki, ile ya dawa ya kuosha picha, na beseni zilikuwa kavu tangu Jumapili.

"Mama," Trizah akasema, sauti ndogo sana. "Betri ziko hapa mfukoni mwangu. Nilikuwa nazipeleka kwa chaji."

Gordon alipokuja akatucheka. "Flashi za zamani huwa zinabaki na moto kidogo ndani." Tukakubali. Yeye ndiye alisoma.

Jumamosi akatumia hiyo flashi kupiga picha bibi na bwana harusi na ndugu zao, watu kumi na wawili, wanacheka, wamebanana kama omena kwa gunia. Akaosha filamu, akaning'iniza picha kwa kamba ya nguo, na nikamwona amesimama hapo bila kufanya chochote. Nikaenda kuangalia. Kwa picha hakuna aliyekuwa anacheka. Wote kumi na wawili walikuwa wameinamisha macho, wanaangalia kitu chini mbele yao. Na mbele yao hakukuwa na kitu.

"Walikuwa wananiangalia mimi," Gordon akasema. "Mama, niliwaambia wacheke, na walicheka."

Picha za pili, za watu wengine, ile kitu wanaangalia ilianza kuonekana, ndefu, hafifu, kama shuka imeanikwa kwa ukungu. Za tatu, kulikuwa na miguu mwisho wa hiyo shuka, na miguu ilikuwa imevaa viatu, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimefungwa na kamba ya kijani. Gordon akaangalia picha. Akaangalia chini kwa miguu yake, kwa ile kamba ya kijani ambayo Trizah alikuwa amemfungia baada ya kamba ya kiatu kukatika. Hiyo wiki ndio alianza kusema miguu yake imelala. Hospitali walimpima kila mahali, wakasema damu ni nzuri, mifupa ni mizuri, arudi nyumbani apumzike. Alirudi ameshikwa huku na huku.

Trizah alichukua ule mfuko wote akaupeleka Kisegi, akamrudishia Benta mkononi, hakukaa hata kunywa maji. Akarudi jioni. Alipofika mlangoni mimi nilikuwa nimeketi nje kwa mawe, na hakuniuliza kwa nini niko nje, kwa sababu alisikia mwenyewe. Wiiii. Kutoka kwa rafu ambayo haikuwa na kitu.

Filamu moja ilikuwa imebaki haijaoshwa. Gordon hakuwa na raha mpaka aione, akasema labda imeisha, labda hii itakuwa safi. Kwa hivyo siku moja, mchana, watoto wa shule wakipita nje wanapiga kelele, tulimwingiza kwa kile chumba chake chenye blanketi dirishani na taa nyekundu, tukamkalisha, mimi upande huu, Trizah upande ule, akaweka karatasi kwa dawa na kuanza kuitingisha taratibu, na ile harufu ya siki ikapanda mpaka macho yakatoka machozi, na picha ikaanza kuja vile huwa zinakuja, kwanza nyeusi huku, halafu nyeusi kule, halafu mtu, na huyo mtu alikuwa mimi, mimi na hii leso yangu niliyovaa hiyo asubuhi, na Trizah kando yangu, ndani ya hicho hicho chumba ambacho hakuna mtu alikuwa ametupigia picha, tumeinamisha macho, na mbele yetu amelala Gordon, miguu, magoti, tumbo, mikono imekunjwa juu ya kifua, na juu ya kifua karatasi bado ilikuwa nyeupe, bado haijafika usoni, na nilikuwa nafungua mdomo nipige kelele aitoe kwa dawa kabla ifike, na ndio nikasikia nyuma ya sikio langu, karibu mpaka nikahisi pumzi, ile sauti ya kifua:

"Songeni karibu. Nafasi bado iko katikati."

Na mguu wangu ulisonga. Mimi sikuuambia. Ulisonga wenyewe.

Trizah ndiye alimwaga lile beseni.

Tukamwita Edith, yule mama wa maombi anayevaa kanzu nyeupe, na ngoma yake na kengele. Aliomba siku tatu, akaimba mpaka sauti ikamwisha. Siku ya tatu akaketi chini sakafuni, akavua viatu.

"Huyu hafukuziki," akaniambia polepole, akiangalia mlango. "Nimekemea mapepo mengi. Huyu si pepo la kukemea. Huyu ni mtu yuko kazini. Ana picha moja imembakia, na anatafuta familia ya kusimama."

"Si akatafute yake?"

"Yake ilikataa. Sasa akipata mtu wa kulala na watu wa kusimama nyuma yake, kwake ni sawa tu." Akashika mkono wangu. "Wake wake wasimame wote wawili, mbele ya kaburi, mkubwa upande wa kichwa. Wapigwe na flashi yake. Halafu vitu vyake vigawiwe vile inatakiwa. Ni hiyo tu. Lakini mama, mbona alikuja kwako? Mbona hakubaki kwa mdogo wako, na mfuko ulikuwa kwake?"

Nilimwambia sijui. Nilimdanganya mtu wa Mungu akiwa ameketi kwa sakafu yangu.

Wewe sitakudanganya. Siku ya mazishi, Kezia na Benta hawakuwa wamegombana. Kezia alikuwa ameshasimama upande wa kichwa, kimya, na Benta alikuwa ameshakubali kusimama baada yake. Ni mimi nilitoka kwa viti vya wageni. Ni mimi nilimshika Kezia mkono mbele ya watu wote nikamwambia, "Wewe uliacha huyu mtu miaka tisa, umerudi kuonekana kwa picha?" Ni mimi nilimvuta. Kijana wa kukodiwa mwenye kamera akaona vita, akafunga vitu vyake akaenda. Nilifikiri namsaidia mdogo wangu. Yawa, labda nilikuwa napenda tu kushinda.

Nimempigia Kezia simu. Mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama Gordon, Cephas hakunipiga picha hata siku aliyonioa. Leo ndio anataka?" Akakata. Sasa namba yangu haiingii tena. Benta alienda mwenyewe, akarudishwa kwa geti. Mchungaji alienda. Aliambiwa mama hayuko, na alikuwa anamwona kwa dirisha.

Gordon yuko pale ndani. Anaongea vizuri, akili iko. Lakini mikono inakaa kifuani imekunjwa. Tunaikunjua, tunaiweka kando, tukigeuka kuchukua uji tukirudi iko kifuani. Juzi alituomba kitu kimoja. Akasema, "Msisimame wawili pamoja hapa kitandani. Mkisimama wawili, inaanza kulia." Kwa hivyo tunaingia mmoja mmoja. Mimi nikiingia, Trizah anatoka. Kumgeuza siwezi peke yangu, na siwezi kumwita. Nyumba yangu imekuwa hivyo, mama na mke wa kijana wanapishana mlangoni kama watu hawajuani, na ndio maana jana tuligombana kwa jikoni, hakuna mahali pengine tunaweza kukutana.

Asubuhi ya leo amesema shingo yake imelala.

Nyumba ya Kezia ni ile yenye mabati mapya, ukipita mahali wanaanika omena. Usianze na jina langu, ataingia ndani. Nunua kwanza, ongea habari ya bei. Halafu mwambie upande wa kichwa ni pake. Mwambie nimesema hivyo kwa mdomo wangu, wewe ukisikia, na siku ya hiyo picha kaburini mimi nitakaa nje ya boma, barabarani, hata leso yangu hataiona. Akitaka niseme mbele ya wote walioniona nikimvuta, nitasema. Akitaka nipige magoti, magoti bado ninayo.

Na akikufungia geti, Bochaberi, usirudi na hayo maneno kwa gunia. Mwambie jirani yake. Mwambie mwenye kumchotea maji, mwambie wanaokaa naye kanisani, mwambie hata mtu humjui, na yeye amwambie mwingine, mpaka mmoja wao apate siku ambayo Kezia anasikiliza. Lakini hiyo habari ianze kesho. Usiiache ilale.