Popo wa Ishirini na Moja

Jua lilikuwa linazama tulipofunga wavu mlangoni pa ghala bovu. Kazi ya kusaka virusi ni ileile kila wiki: mkamate popo, mpitishie kijiti cha pamba kooni, kitie kwenye kichupa, jaza fomu, mwachie. Anayejaza fomu ni mimi. Popo ishirini, vichupa ishirini. Nilihesabu mara tatu.

Wa mwisho aling'ata. Jino lilipenya glavu, likazama kwenye kidole gumba cha kushoto.

Sheria ya bosi ni moja: uking'atwa, sema papo hapo, uchomwe sindano. Ila ukishasema, hawakurudishi tena kwenye kazi ya popo. Na mimi niliihangaikia miaka miwili.

Nikafumba mkono.

"Umeng'atwa." Alikuwa bibi anayelinda ghala, nyuma yangu. Sikusikia hatua zake.

"Hapana, bibi."

"Njia ya mwongo fupi." Alinong'ona. "Unawafuta wanangu makoo bila hodi... Wakija kukufuta wewe, usipige kelele."

"Bibi, mfuteni tu, huyu anaongea sana!" Dereva wetu alicheka.

Bibi hakucheka. Alinitemea mate kiatuni, akaondoka.

Asubuhi niliamka koo linawasha. Nikakohoa. Juu ya ulimi... uzi wa pamba.

Chumba kizima kilinuka mkojo wa popo.

Siku ya tisa bosi alituita maabara, mimi na dereva.

"Kirusi kipya," alisema. "Kimo kwenye vichupa vyote ishirini na kimoja."

"Ishirini," nikamsahihisha.

Akanisukumia kichupa. Namba 21. Mwandiko wangu, hata ile moja yenye mkia.

"Tumepima vinasaba vya mwenye koo hili. Si popo. Ni mtu, mwanamke. Nani kang'atwa?"

Dereva aliutazama mkono wangu uliokuwa mfukoni. Darini kitu kilikwaruza... kikatulia.

"Usinifanye mjinga, binti. Sema!"

Nilitaka kusema. Wallahi, nilitaka. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba, kali, isiyo yangu.

Bosi akarudi nyuma hadi ukutani. Dereva alikuwa ameshafika mlangoni.

Fomu ya siku ile ilibaki mezani. Safu ya mwisho, mara ishirini, nilikuwa nimeandika: *Ameachiwa.*

Mstari wa ishirini na moja ulikuwa na mwandiko uleule. Wino ulikuwa bado mbichi.

*Hajaachiwa.*