Jani la Siku ya Tatu

Bibi Rebeccah alikufa ameketi kwenye kigoda jikoni, sahani ya mboga ya managu mapajani, tonge la ugali likiwa bado vidoleni. Koplo Cheptoo alilazimika kulichomoa ili mkono ukunjwe vizuri. Mboni za marehemu zilikuwa zimetanuka hadi rangi ya macho ikapotea. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na mtungi wa maji ulikuwa hatua tatu kutoka alipokaa.

Kijiji hicho cha mlimani, juu ya mashamba ya chai ya Bomet, kilimjua muuaji kabla polisi hawajashuka garini. Mboga ilipikwa na Janeffer, mjane wa Johana, kitinda mimba wa marehemu. Janeffer alitoka upande wa ziwa, na pale hakuwa na ndugu. Tena hakuionja mboga ile. Alikuwa amefunga, wiki ya maombi kanisani, lakini watu wakishaamua kwamba wewe ni mchawi, hata sala zako huwa ushahidi.

Inspekta Eliakim Ombati alimhoji jioni hiyo hiyo kituoni.

"Mboga ulichuma wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Wapi?"

"Shamba yetu, chini kwa mto. Nikapika, nikatia maziwa, ikalala siku tatu kwa nyungu. Mama alipenda ikilala."

"Uliongeza kitu?"

"Hapana. Labda nilichuma vibaya." Alitazama viganja vyake. "Ni hii mikono ndiyo iliua mama."

Alikuwa na mtoto wa miezi minane, Phelix, bado ananyonya. Cheptoo alipomletea, Janeffer aliificha mikono nyuma ya mgongo na kurudi hadi ukutani. Alisema hamgusi, maana sumu huenda bado iko kwenye ngozi, huenda imeingia hata kwenye maziwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika; tangu siku hiyo Cheptoo ndiye aliyemlea. Ombati, ambaye ameona maiti nyingi na usiku akalala usingizi wake, alitoka nje upesi.

Mahakama ilitoa siku kumi na nne za uchunguzi. Zikiisha, Janeffer angeshtakiwa kwa mauaji, na Phelix angepelekwa kwa baba yake mkubwa, Zack, mwenye duka la dawa za mifugo huko Mulot. Watu walimsifu Zack. Mama yake ameuawa, na bado kila baada ya siku mbili anamletea muuaji chai na mkate kituoni. Cheptoo alimsikia akimshauri shemeji yake mlangoni mwa seli akiri tu yaishe, Mungu husamehe.

Siku ya sita ripoti ya maabara ilifika. Ndani ya nyungu kulikuwa na majani ya aina mbili. Managu yalikuwa yamelainika kabisa, kama mboga yoyote iliyolazwa kwenye maziwa siku tatu. Jani la pili, lililokatwakatwa vipande vyembamba, lilikuwa bado gumu na mishipa yake imesimama. Ndilo lililokuwa na sumu.

Ombati alizaliwa kwenye jiko la namna hiyo na hakuhitaji daktari wa kumfafanulia. Jani lile liliingia nyunguni siku ya tatu, siku ya kifo, na siku hiyo Janeffer alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai tangu alfajiri hadi jioni, kwa sababu lori lilichelewa. Wanawake ishirini walikaa naye. Jirani aliona pikipiki moja tu ikiingia pale nyumbani, nayo ilikuwa ya Zack. Zack hakukana. Alisema alikuja kumjulia mama hali na hakula, tumbo lilimsumbua.

Kumjulia mama hali si kosa. Maabara haikuweza kulitaja jani lenyewe, na bila kulijua huwezi kusema lilikatwa wapi wala na nani.

Kwa hiyo Ombati alifungua kompyuta, kwenye hifadhidata ya spishi vamizi, ile inayoorodhesha mimea na wadudu walioletwa kutoka nje wakakataa kuondoka. Aliandika "sumu" na "Kenya". Yakaja majibu mia mbili na kumi na manne. Akaandika jina la kila gugu analolijua, akaambulia patupu. Alikesha siku mbili na macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Mwishowe alimpigia simu Molly, mtaalamu wa mimea huko Nairobi.

Molly alimcheka kwanza. Kisha akamwambia aache kubahatisha majina, aielezee hifadhidata kile anachokiona: vinywele chini ya jani, kijiti cha jani chenye uwazi ndani, nyanda za juu zenye baridi na mvua. Halafu atoe ile alama ya tiki iliyowekwa tayari kwenye kisanduku cha magugu ya shambani, aiweke kwenye maua ya mapambo.

"Kila mtu anasahau hapo," Molly alisema. "Wavamizi wengi walialikwa, Inspekta. Walipandwa mlangoni kwa sababu ni warembo."

Likabaki jibu moja. Kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa, kilicholetwa zamani kupamba nyumba za mameneja wa chai. Ombati na Cheptoo walizunguka shamba la Janeffer lote mpaka mtoni, hakikuwapo. Walikikuta nyuma ya nyumba ya meneja iliyoachwa juu ya mlima. Matawi matatu yalikuwa yamekatwa kwa mkasi wa kupogolea, safi kabisa. Mwanamke anayechuma mboga hachumi kwa mkasi.

Hata hivyo, mkasi kila mtu anao. Ombati alihitaji mtu aliyekijua kile kichaka.

Siku ya kumi na tatu Zack alikuja na chai yake. Ombati alimkaribisha ofisini, kompyuta ikiwa wazi mezani, na vipande vya jani kwenye sahani ya kioo.

"Bwana Zack, nimeshindwa. Bila kujua hii ni mmea gani, mwendesha mashtaka hachukui faili. Kesho namwachilia shemeji yako."

Zack aliiweka chupa ya chai chini polepole. "Unaachilia mtu ameua mama yangu?"

"Nifanye nini? Unajua hii mtandao?"

"Hapana, afande. Mimi ni mtu wa dawa ya kupe. Hata sijawahi kuiona."

Ombati akaanza kutafuta mbele yake, kwa kidole kimoja. Aliandika "mboga mbaya". Akaandika "jani Bomet". Kila alipokosa alisonya na kurudia lile lile. Zack alivumilia dakika kumi. Ukimwona mjinga akiharibu kazi unayoiweza, mkono huwasha, na huyu alikuwa na sababu zaidi ya kuwashwa.

"Leta hapa," alisema.

Hakuandika jina lolote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha magugu ya shambani, akaondoa tiki, akaiweka kwenye maua ya mapambo. Akachagua nyanda za juu. Akachagua vinywele chini ya jani. Dakika haikuisha, picha ya maua ya chungwa ikajaa kiooni.

"Hii hapa," Zack alisema. "Andika, afande."

Ombati hakuandika. "Nani alikufundisha kuondoa ile tiki?"

"Nilibahatisha."

"Mimi ilinichukua siku mbili na mtaalamu kwenye simu. Wewe ulijua mlango ulipo gizani. Nipe simu yako."

Zack alitazama mlango. Cheptoo alikuwa ameshausimamia. Ndani ya simu ukurasa ule ule ulikuwa umefunguliwa wiki tatu kabla ya kifo, mara nne.

Mtu yule hakulia. Aliongea kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, na hilo ndilo lililomchefua Ombati zaidi.

"Mama alisema mbele ya wazee, chai yote ni ya mtoto ya Johana. Mimi mkubwa nipewe pale kwa mawe."

"Mbona hukumuua Janeffer?"

"Akikufa, wazee wangeonea mtoto huruma. Lakini mtoto ya muuaji nani atampa shamba?"

"Ulikuwepo mama akila?"

"Nilimpakulia mimi." Kwa mara ya kwanza aliinamisha kichwa. "Alisema leo ni chungu sana. Nikamwambia, mama, ni homa iko kwa mdomo yako, maliza."

"Akamaliza?"

"Akaongeza. Alifurahi nimekuja."

Cheptoo alimfunga pingu, akazikaza jino moja zaidi ya inavyotakiwa, na Ombati akajifanya hajaona.

Janeffer alipoelezwa, hakuelewa mara ya kwanza. Ombati alirudia polepole: mboga yako ilikuwa safi, mikono yako ni safi. Aliomba sabuni. Alinawa mpaka viwiko, akanawa tena, akapangusa kwa leso, ndipo akanyoosha mikono kumpokea mwanawe.

Phelix alimng'ang'ania Cheptoo shingoni, siku kumi na tatu zikiwa zimeshamfundisha mama mwingine. Walipombandua, akanyonya kwa pupa, akaachia, akanyonya tena, kisha akalia.

"Yamekauka, afande," Janeffer alisema.

Ombati alikuwa na hati ya mashtaka mkononi, kosa moja la kuua kwa kukusudia. Aliipekua mbele na nyuma, asipate mahali pa kuandika kosa hilo la pili. Cheptoo alichukua kofia yake akaenda dukani kutafuta maziwa ya pakiti.