Beseni la Buluu Lenye Kiraka

Asubuhi ile Emilienne alilifudikiza beseni chini ya dirisha la chumba cha mtoto, akaenda kisimani, mtoto mgongoni. Aliporudi alilikuta limekaa sawasawa, na ndani yake mlikuwa na maji kidogo, ya kufunika kidole. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mvua haikunyesha. Aliyagusa maji yale, akayaona ya uvuguvugu, kama yale anayoogeshwa mtoto mchanga. Aliyamwaga nje, akalifudikiza beseni tena, na mumewe aliporudi hakumwambia neno.

Mumewe, Zéphirin, alikuwa fundi wa taa na sufuria pale Kasongo, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi. Mwaka huo wa 1954 aliitwa kutengeneza jiko katika nyumba ya Mzungu mmoja, na huko akaona chumba kizima ambamo hakulala mtu ila mtoto wa miezi mitatu. Kitanda chake, pazia lake, taa yake! Alirudi nyumbani kichwa kimemruka. Emilienne alikuwa na mimba ya miezi saba, na Zéphirin akaapa kwamba mtoto wake naye atakuwa na chumba.

Basi akaanza kuokota. Sanduku la sabuni akalifanya kitanda. Magunia ya chumvi Emilienne aliyafua, akayaunga, yakawa pazia. Kopo la maziwa Zéphirin alilitoboatoboa kwa msumari mpaka taa ikiwashwa ndani yake ukuta wote ulijaa nyota. Vifuniko vya makopo akavitundika kwa uzi juu ya kitanda, na upepo ukipita vililia kwa sauti nyembamba. Majirani walikuja kumcheka, wakarudi kwao wanatamani.

Beseni lililetwa na Célestin, dereva wa lori la barabara, ambaye kila alipotoka safari alimwangushia fundi vyuma vibovu.

"Hii iko na tundu moja tu," Célestin alisema. "Tuliokota kule Wamaza, pale tunapanua barabara. Utaweza?"

"Mimi nishindwe na tundu?" Zéphirin alijibu.

Ni hapo alipokosea, na sina namna ya kumtetea. Fundi yeyote anajua kutu hula chombo pembeni, tena ovyo. Tundu hili lilikuwa katikati kabisa, la mraba, la msumari uliopigwa kwa nyundo. Na Zéphirin alikuwa mzaliwa wa Wamaza. Kwao mtu akifa, sahani yake, kikombe chake na beseni lake hutobolewa, kisha huwekwa juu ya kaburi, ili chombo kimfuate mwenyewe na pasiwe na mwingine wa kukitumia. Alilijua hilo tangu utoto. Lakini furaha ilikuwa imemjaa, na kwake siku zile kila tundu lilikuwa kazi ya kuziba tu. Alikwangua, akalehemu kiraka, akapaka beseni zima rangi ya buluu.

Placide alizaliwa mzima, mzito, mwenye sauti. Wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa nyumba ya sherehe, na mtaa mzima ukamwita Emilienne mama Placide. Zamani, kabla hawajahamia Kasongo, alikuwa na jina jingine. Aliitwa mama Julienne. Binti huyo wa kwanza alikufa kwa homa akiwa na miezi tisa, kule Wamaza kwa mama mkwe, wakati Zéphirin anafanya kazi ya reli Kindu. Baba alifika akakuta kaburi limeota majani. Tangu hapo jina lile halikutamkwa tena ndani ya nyumba, na yeye alidhani huko ndiko kumsaidia mkewe.

Wiki ya tatu mtoto alianza kupungua. Kila jioni aliingizwa ndani ya beseni akiwa na joto, na kila jioni alitoka amekuwa baridi, ingawa maji yalikuwa moto. Kilio chake kilififia. Ziwa alilishika na kuliacha. Kwenye chumba kukawa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na juu yake harufu tamu ya mafuta ya mawese, yale ya kumpaka mtoto akitoka kuoga, ingawa Placide alikuwa bado hajapakwa.

Kisha Zéphirin akasikia mlio kama wa kijiko. Ilikuwa saa kumi na mbili, jua linazama, na mkewe yuko naye jikoni mtoto mgongoni. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Mtu alikuwa anagonga ukingo wa beseni.

"Mama Placide, unasikia? Kuko mutu mule ndani."

"Ni panya."

"Panya hapana kugonga vile."

"Acha, baba," Emilienne alisema polepole. "Acha tu. Itanyamaza."

Zéphirin alichukua taa akaenda, na alipofungua mlango vifuniko vya makopo vilikuwa vinalia juu ya kitanda ingawa hakukuwa na upepo, na beseni lilikuwa katikati ya chumba, limejaa, maji yake yanatikisika kana kwamba kuna aliyetoka humo dakika hiyo hiyo, na kutoka kwenye beseni, juu ya sakafu ya udongo, zilikwenda alama za maji, viganja viwili vidogo na magoti mawili, viganja na magoti, mwendo wa mtoto anayetambaa, zikazunguka kitanda cha sanduku, zikapanda ubavuni mwake, na kwenye shuka ambalo Placide alikuwa amelazwa mchana kulikuwa na shimo dogo lililobonyea, lenye unyevu, la kichwa kilichojilaza kumngoja mwenzake. Alirudi jikoni. Mkewe hakumwuliza ameona nini.

Kesho yake Zéphirin, Mkatoliki wa kubatizwa, alimwendea kwa siri Faradji, mwalimu wa Kurani, na akatuma habari Wamaza kwa mama yake. Mwalimu alikuja alasiri na chetezo cha ubani na kitabu chake. Aliketi chumbani akasoma muda mrefu. Katikati ya kusoma alinyamaza, akafunga kitabu, akatoka nje akijifuta uso.

"Jini nikimusomea analalamika, anatisha, anataka vitu," alisema. "Huyu anacheka. Anacheka na ananigongea kijiko, anazani ninamuimbia. Zéphirin, mimi sifukuze mutoto. Mutoto iko na wenyewe."

Mama yake, Mathilde, alifika siku ya pili kutoka Wamaza, miguu imevimba kwa safari. Hakukaa. Alimpokea Placide, akamgusa paji la uso, akakunja uso wake. Kisha akaliona beseni. Alilipindua, akapitisha kidole juu ya kiraka, na akaketi chini pale pale, mtoto mapajani.

"Nani aliziba hapa?"

"Ni mimi, mama," Zéphirin alisema.

"Na mimi njo nilitoboa. Kwa musumari wa mulango. Siku tulimuzika Julienne. Mama yake alikuwa mugonjwa, hajitambue, na kwetu anayetoboa ni mama. Nilitoboa kwa nafasi yake." Alimtazama mkwewe. "Mama Julienne, haukuijua?"

Jina lile lilipotajwa, ndani ya chumba kijiko kiligonga mara moja.

Emilienne alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia bado.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Rangi ilifunika, lakini kwa ukingo kuko alama, pale alikuwa anagongaga na kijiko akioga. Nilitia kidole nikajua."

"Na ulinyamaza?" Zéphirin aliuliza.

"Alirudi, baba. Sikumuzika mimi. Niliamka nikaambiwa amekwenda, kisha mukakataza hata jina. Sasa alirudi kuoga kwetu. Niseme nini, afukuzwe?"

"Na Placide?"

"Nilizani beseni itawaenea wote wawili."

Mathilde alimwinulia Placide amwone vizuri: mbavu zake, macho yake yaliyolegea, kucha zilizoanza kuwa za kijivu.

"Yeye hana ubaya," bibi alisema. "Anataka mwenzake tu. Alikuwa anangoja mukono wako utoboe, mwanangu, na mukono wako haukufika. Jua likizama, Placide atakwenda naye."

Emilienne aliomba kitu kimoja, amwogeshe Julienne kwanza. Alichemsha maji, akayapoza, akayapima kwa kiwiko, akalijaza beseni uani mchana ule wa jua kali, akapiga magoti. Kwa mikono mitupu alianza kuogesha. Alisugua mgongo usioonekana, akanyanyua mikono isiyoonekana, akachota maji akayamwaga taratibu palipostahili kuwa na kichwa, na maji hayakuanguka moja kwa moja. Yaliteleza pande mbili. Zéphirin aliona. Ndipo naye, baba ambaye hakuwahi kumzika binti yake, alipopiga magoti upande wa pili, akasema, "Julienne," kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

"Mwanangu," Emilienne alisema, "nenda lala. Beseni ni yako. Hatutakunyang'anya tena."

Alishika msumari na nyundo kutoka mkobani mwa mumewe. Zéphirin alitaka kumsaidia, Mathilde akamzuia. Alipiga mara tatu. Kiraka kilitoka, maji yakashuka kwa sauti, yakazama ardhini yote, hata tone halikubaki juu ya udongo. Kwenye mapaja ya bibi, Placide alifumbua macho na kulia kwa nguvu, kilio cha njaa. Emilienne alimchukua akamnyonyesha huku machozi yake yakimdondokea mtoto usoni.

Célestin aliwapakia kwenye lori mpaka Wamaza. Barabara mpya ilikuwa imepita ukingoni mwa makaburi. Walitafuta mahali pa Julienne, wakalikalisha beseni juu yake, na Emilienne akatia ndani kijiko kimoja cha jikoni.

Placide aliishi. Alinenepa, akatambaa, akavunja kile kitanda cha sanduku kwa kuruka. Zéphirin alitengeneza beseni jingine, kwa bati jipya. Na kila jioni, kabla ya kumwingiza mtoto, Emilienne aliyaweka maji chini, akafunga mlango wa chumba, akasimama nje kidogo sikio likiwa kwenye mbao.

"Unasikiliza nini, mama Julienne?" mumewe alimwuliza siku moja. Sasa alimwita hivyo.

"Hakuna kitu," alisema Emilienne.

Na kweli, hakukuwa na kitu.