Bibi Harusi Hayumo Pichani

"Dada, samahani, sogea kidogo kushoto."

Hayo ndiyo maneno ya mwanzo Thani aliyomwambia Asya. Ilikuwa Bidbid, siku mbili kabla ya Idi ya mwaka 2000, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa. Kituo cha petroli kilijaa magari, watoto wanalia, watu wanagombania maji ya baridi, na Asya amesimama kwenye kivuli akimngoja kaka yake Maen atoke dukani. Alivaa abaya mpya yenye nakshi za fedha mikononi, na viatu vilivyokuwa vikimbana tangu asubuhi. Akageuka. Kijana mrefu, kanzu nyeupe pee, kofia imeinamia sikio moja, ameshika kamera kubwa kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

"Kwa nini nisogee?"

"Umesimama mbele ya mlima."

"Mlima umeununua?"

"Bado. Lakini jua linaondoka, na mie nalihitaji."

"Basi sogea weye. Mie nimefika mwanzo."

Kijana akacheka, akasogea. Maen alipotoka na chupa zake wakakumbatiana, kumbe walisoma pamoja. Tangu wiki ile simu ya nyumbani kwao Izki ikawa inalia kila magharibi.

"Salamu alaikum. Maen yupo?"

"Unajua hayupo."

"Basi nitazungumza na aliyepo."

"Aliyepo ana madaftari arubaini ya kusahihisha."

"Sahihisha tu, habibti. Mie nitasikiliza kalamu."

Nani angeyaweza maneno hayo? Asya aliyapenda, akampenda na mwenyewe. Mamake Thani, Bi Shukriya wa Ibra, alikuwa na binti wa nduguye huko Al Qabil aliyemtia jicho siku nyingi amwoze Thani, na hakuficha. Thani alisema ni Asya au hapana mtu. Wakaoana mwaka 2002, na kwa kuwa alikuwa mhandisi wa mshahara mzuri kule Sur, akampeleka mkewe fungate Ulaya, siku ishirini na nane.

Laiti siku zile zingekuwa za watu wawili. Zilikuwa za watu wawili na kamera mbili, kubwa ya mkononi na ndogo ya shingoni, ambayo Asya aliidhani ya akiba. Walianza Ureno, wakashuka Kadiz ya Uhispania, wakaambaa pwani hadi Jenoa ya Italia kwa treni na kwa miguu, hasa kwa miguu. Thani akiona mlango wa buluu husimama. Akiona kamba ya nguo imevuka uchochoro husimama. Penye mnara wa taa juu ya majabali, upepo unang'oa mtandio, alisimama saa nzima akingoja wingu lipite.

"Asya, mpenzi, sogea kidogo. Uko kwenye picha."

"Na nikiwemo, itapasuka?"

"Hii hapana. Kaa pale ukutani, dakika moja."

Dakika moja ya Thani ilikuwa inatosha kupika wali. Asya alikaa kwenye kuta za Ulaya nzima. Alikaa kwenye ngazi za kanisa huku kavua kiatu, kisigino kimechubuka. Alikaa gatini na aisikirimu imeyeyuka mkononi, akiwatazama wake za watu wakipigwa picha na waume zao, wamekumbatiwa, wanacheka. Alichoka, akanuna. Moyoni swali moja lilianza kumtafuna, naye akalisukuma mbali: huyu bwana ananionea haya?

Waliporudi, picha zikasafishwa studio ya Ibra. Mikanda kumi na moja. Ijumaa moja, mwezi wa saba tangu warudi, baada ya wali na samaki, wanawake wa ukoo wakakaa kwenye zulia la Bi Shukriya na zile albamu zikaanza kupita mikononi. Milango, madaraja, njiwa, bahari.

"Mashallah, pazuri," akasema shangazi yake Thani, akifunua kwa kidole kilicholowa. Akafunua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Na bibi harusi yuko wapi? Au mwanetu alikwenda fungate na njiwa?"

Wakacheka. Thani aliyekuwa mlangoni akicheza na funguo za gari akacheka na yeye. Asya alimwangalia, anamsubiri aseme neno. Akaendelea na funguo zake.

"Picha mia tatu," Bi Shukriya akasema taratibu, hacheki. "Hata moja, mwanangu?"

"Labda hakupenda kutokea, bi mkubwa," mmoja akadakia, na wengine wakatazamana, na Asya akajua jina la binti wa Al Qabil limepita katikati ya macho yale.

Ndani ya gari hakungoja hata mkanda wa kiti.

"Unanionea haya."

"Nani kakwambia?"

"Albamu zako. Mbele ya shangazi yako nimekaa kama mgeni aliyekosea nyumba, na weye unacheka."

"Asya, picha zako zipo. Lakini si za kuonyesha watu kule."

"Zipo wapi?"

Thani akakuna ndevu. "Kwenye friji."

Asya alimkodolea macho. Angeambiwa zimeibwa, zimeungua, zimeanguka baharini, angevumilia. Friji!

"Geuza gari. Nipeleke Izki kwa Maen."

"Mpenzi, nisikilize…"

"Khalas, Thani. Mtu hanifanyi mwendawazimu mara mbili kwa siku moja. Geuza gari."

Akageuza. Na hilo pia lilimuudhi Asya, kwamba Thani alitii, akaendesha mpaka Izki kimya kama dereva wa kukodi.

Siku tisa Asya alikaa kwa kaka yake, akienda shule yake ya zamani Nizwa kusomesha madarasa ya likizo jioni na kurudi. Thani alipiga simu kila siku.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Utarudi lini?"

"Siku utakayoniambia kweli. Mie siwezi kuishi na mume anayenificha."

"Wallahi nimekwambia kweli."

Asya akakata simu. Usiku hakulala, mchana alimchapa kauli Maen asiye na kosa. Alitaka kuachwa na hakutaka. Alimpenda yule mtu mpaka ikamchosha, na kuchoka kwenyewe kukamtia hasira upya.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Thani akaja mwenyewe kutoka Sur, macho mekundu kwa njia. Mkononi bati la biskuti. Akalifungua juu ya meza ya Maen. Ndani mikanda mitano ya picha, baridi, imefungwa moja moja kwenye nailoni.

"Joto la Sur linaiharibu," akasema. "Ndiyo nikaiweka kwenye friji, chini ya mboga. Ni picha zile za kamera ndogo. Zote ni weye."

"Zote?"

"Zote. Umevua mtandio hotelini, umevua viatu, umelala kwenye treni. Nimpe nani azisafishe? Studio ya Ibra wanaume. Ya Sur wanaume. Uso wako ukae mezani kwa vijana wa watu? Ndiyo maana kwenye kamera kubwa nikawa nakwambia sogea. Picha zake nilijua zitapita mikononi mwao."

Asya akakaa kitako.

"Miezi saba, Thani. Miezi saba natoa bamia juu ya sura yangu."

"Sikujua pa kuzipeleka."

"Nizwa kuna studio ya wanawake watupu! Mwaka wa pili huu tangu ifunguliwe! Nusu ya walimu wenzangu wamesafisha picha za harusi pale. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka ziwe zawadi."

"Ya Rabbi, nipe subira na huyu mtu."

Wakaenda hivyo hivyo, wamenuniana. Mwanamume haruhusiwi kuvuka mlango wa studio ile, kwa hiyo Thani akabaki garini juani, na Asya akaingia na bati. Raghad, mwenye studio, msichana aliyezaliwa pale pale Nizwa, Kiswahili chake cha kuokota, akaipokea mikanda. Saa mbili baadaye akatoka chumba cha ndani na bahasha tano nene, anajizuia kucheka.

"Ablah," akamwita, kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu wao, "mbona hii picha zote umekasirika?"

Kweli. Asya kakunja uso chini ya mnara wa taa, mtandio umempiga jicho. Asya anakikagua kisigino. Asya na aisikirimu inayomiminika, anaiangalia kama mtu aliyetukanwa. Asya kampa mgongo mpiga picha, mabega yamepanda hadi masikioni. Asya kalala kwenye treni, mdomo wazi. Akafunua ya ishirini, ya hamsini, ya mia. Alikuwa akitafuta moja tu aliyotabasamu, hakuiona. Lakini kila mahali alipodhani mumewe anangoja wingu lipite, wingu lilikuwa limeshapita, na yule bwana alikuwa anamtazama yeye. Saa zile zote. Machozi yakamtoka mbele ya Raghad, asione haya.

Akatoka, akafungua mlango wa gari. Thani alikuwa ameloa jasho mpaka kifuani.

"Zimetoka vizuri?"

"Nimenuna katika zote."

"Najua."

"Mia na sabini na mbili! Mtu anapiga picha mia na sabini na mbili za mwanamke aliyenuna?"

"Nilikuwa nampiga picha mke wangu," Thani akasema. "Sasa kama alikuwa amenuna, nifanyeje?"

Asya aliziweka bahasha mapajani, akazishika kwa mikono miwili.

"Kosa lako unalijua?"

"La friji."

"La kucheka kwa mama. Ungesema neno moja tu siku ile, hata la uongo."

"Kweli. Pale niliogopa maneno ya wanawake. Nisamehe, Asya."

"Mama atakaa na mie chumbani, na shangazi yako pembeni, watazitazama hizi moja moja mpaka ya mwisho. Weye utakaa nje."

"Wataona umenuna."

"Waone. Wajue naishi na nani." Akafunga mkanda, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Pitia Izki kwanza."

"Kufanya nini?"

"Nguo zangu ziko kwa Maen, bwana wee. Unataka nirudi Sur na abaya moja?"