Kitambaa cha Bushra

Kila siku baada ya masomo, Mwanamkuu alipitia nyumbani kwa rafiki yake Bushra, jirani yao pale Munje. Muhula ule Bushra hakwenda shule. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na maumivu ya mifupa yalimlaza kitandani wiki baada ya wiki. Siku alizopata nafuu, aliegemea mto akafuma vitambaa kwa sindano ya kulabu. Mwanamkuu alijifunza kando yake, lakini uzi wake ulijifunga mafundo na kingo zikapinda.

"Fumua uanze tena," Bushra alimwambia. "Hata mimi nilifumua mno."

Mwanamkuu hakupenda kufumua.

Ikafika siku ambayo Mwalimu Mwero aliwataka wanafunzi walete kazi ya mikono. Asubuhi hiyo Mwanamkuu alipita kumjulia hali Bushra, akamkuta amelala. Kando ya mto palikuwa na kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Mwanamkuu alikikunja, akakitia mkobani. Alijiambia kuwa angekirudisha jioni.

Mwalimu alikisifu sana, akakitundika ukutani na kuandika chini yake: Mwanamkuu Athmani. Darasa zima likapiga makofi. Mwanamkuu akaitikia kuwa amekifuma mwenyewe. Jioni akaondoka mikono mitupu, na alipofika kwa kina Bushra akakuta mlango umefungwa. Bushra alikuwa amezidiwa, amepelekwa hospitali ya Msambweni.

Siku ya nne, Bushra alifariki.

Matangani, Mwanamkuu alikaa mkekani pamoja na mama yake. Mama Bushra alikuwa akipekua kitanda cha marehemu, akiinua godoro na kulishusha.

"Kilikuwa cha buluu," aliwaambia wanawake waliokuja kumshika. "Kule hospitali aliniuliza, 'Mama, umekiona kitambaa changu?' Nikamwambia kipo. Mwanangu amekwenda nami nimemwambia uongo."

Mwanamkuu aliusukuma kando wali alioletewa.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Mwero kabla ya kengele, akamweleza yote. Mwalimu akakitungua kitambaa.

"Jina nitalifuta mimi," alisema. "Kukipeleka ni juu yako wewe."

Mama Bushra alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanamkuu alikitoa kitambaa kwa mikono miwili. "Nilikichukua mimi, mama. Nilisema shuleni nimekifuma mimi. Nisamehe."

Mama Bushra alikipokea, akajifunika nacho uso, akalia kwa muda mrefu. Mwanamkuu alitamani kukimbia, lakini alibaki amesimama.

"Ungalimwomba, angalikupa," hatimaye mama alisema.

"Najua, mama."

"Kaa hapa." Mama alimpisha mkekani. "Sitakuficha, umeniumiza. Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, lakini Bushra huwezi tena kumwomba radhi, na hilo utaishi nalo. Basi sikiliza. Kitambaa kilichopinda, ulichokifuma kwa mkono wako, hakina aibu. Aibu ni kujisifia jasho la mwenzio. Na ukikosa, mwanangu, sema mapema, wakati uliyemkosea angali anakusikia."