Panga Lililovunjika Kot

Nyati hakufa kwanza. Aliyekufa kwanza ni mtu.

Ilikuwa alfajiri ya siku ya tisa ya sikukuu ya Dasain, kwenye ua wa Kot, nyumba ya silaha na ya mungu wa kike, kijijini Sallebari. Askari mstaafu Kumbha Basnet aliinua panga kwa mikono miwili akalishusha kwenye shingo ya dume la nyati lililofungwa nguzoni. Kila mwaka pigo ni moja na kichwa kiko chini. Safari hii ulisikika mlio kama wa bilauri iliyodondoka. Nusu ya panga ikabaki mkononi mwa Kumbha. Nusu nyingine iliruka ikamwingia chini ya kidevu Gyanu Pradhan, aliyekuwa mbele ameshika kamba. Dume lile likabaki wima, linavuja damu, linawatazama watu.

Saa moja na nusu, Mkaguzi Msaidizi Dilmaya Thulung alipofika kutoka kituo cha bondeni, maiti ilikuwa imefunikwa shuka. Nje ya lango, watu walikuwa wamemzunguka Harkabir, mhunzi aliyelifua panga lile. Mmoja wao alikuwa na galoni la mafuta ya taa.

"Afande, muuaji huyo hapo," alisema Tulsiman Shrestha, mwenye duka la mapanga sokoni. Marehemu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. "Katuletea chuma kibovu. Shemeji yangu kachinjwa kama kuku!"

"Na lile galoni?"

"Hasira tu, Afande."

"Hasira irudishwe jikoni, ikawashe taa."

Akamchukua Harkabir hadi kituoni, si kwa kumshuku sana bali kwa kuwa angemwacha pale angekuta majivu. Hata hivyo, simu kutoka wilayani ilikuwa fupi: kama kesho jioni hakuna jipya, mhunzi apelekwe mahabusu kwa kuua bila kukusudia. Dilmaya alijua maana yake. Siku atakayoondoka Harkabir, ndiyo siku karakana yake itakapochomwa, na mkewe na watoto wamo humo.

"Panga lilikuwa lako?" alimuuliza.

"Nililompa kuhani wa Kot lilikuwa langu."

"Mbona limevunjika?"

"Langu likizidiwa linapinda, Afande. Halivunjiki."

"Mhunzi gani asiyesema hivyo?"

"Usinisikilize mimi basi. Juzi jioni lilijaribiwa uani, kijiji kizima kinatazama. Lilikata pembe kavu ya nyati, makali hayakung'oka hata punje. Halafu kuhani akaligonga mgongoni kwa nyundo, mara tatu. Mimi maji ya kukazia chuma nayamimina kwa birika, kwenye makali tu. Mgongo unabaki laini, nyundo inaacha vishimo. Vishimo vile vitatu ndiyo thamani yake. Bila hivyo hakuna anayelinunua."

"Na baada ya hapo?"

"Kuhani kaliingiza ndani, kafunga mlango."

"Usiku hukuingia ukalichezea?"

"Afande, wewe ni mzaliwa wa huku. Mimi Kami, tabaka la wahunzi wasioguswa. Tangu babu wa babu yangu, hakuna wa kwetu aliyevuka kizingiti kile. Panga letu linaingia, sisi tunaishia langoni."

Watu wote wa ule ua walilijua hilo, na hata mmoja hakulisema.

Alichukua vile vipande viwili, akaviosha poda nyekundu ya ibada. Vishimo vitatu vilikuwepo mgongoni. Lakini shimo la nyundo hubonyea, na kingo zake hufura. Hivi vilikuwa vimenyooka, vimechongwa kwa tupa. Akaazima nyundo ya fundi seremala wa jirani, akaupiga ule mgongo kwa nguvu zake zote. Nyundo ikamrukia. Chuma hakikuonyesha hata alama. Kilikuwa kigumu kote, kigumu kama kioo. Hili silo panga lililojaribiwa juzi. Kuna mtu amelibadilisha.

Dilmaya alimkuta Kumbha nyumbani kwake, ananuka pombe ya mtama.

"Ulikunywa kabla ya kupiga?"

"Baada, Afande. Wewe usingekunywa?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Lilikuwa zito mbele kidogo. Nikasema ni uzee wangu. Ningesimamisha mkono, Gyanu angekuwa anakula sasa hivi."

"Kwa nini Gyanu ndiye aliyeshika kamba?"

"Kamba ni ya mwenye nadhiri, aliyemtoa nyati. Mwaka huu ni Tulsiman. Alisema bega linamuuma, akampa shemeji yake. Yeye akasimama kule nyuma ya ukuta."

Kuhani, mzee Adhikari, aliapa kwamba ufunguo haukutoka kiunoni mwake.

"Aliyeingia baada ya majaribio ni nani?"

"Mimi. Kumbha, kuja kulishika panga na kuomba. Na Tulsiman, alileta kitambaa chekundu cha mungu. Bunda zima, mtu mkarimu."

"Ulimwacha peke yake na panga?"

"Nilikwenda kuchota maji tu, mama."

"Na Kumbha?"

"Huyo nilikuwa naye mwanzo mpaka mwisho."

Bunda lile lingeficha panga. Sasa jina lilikuwepo, lakini jina si ushahidi. Panga la kweli liko wapi? Dukani kwa Tulsiman yalining'inia mapanga mamia, mengi ya kiwandani, yametengenezwa kwa umbo la yale ya Harkabir. Mtu angetafuta humo mpaka mwezi uishe. Na korongo lilikuwa hapo nyuma, refu, tayari kumeza kitu chochote.

Asubuhi ya siku ya kumi, Dilmaya alikuwa amesimama mkabala na duka lile, akamwona Tulsiman akinyanyua gunia la mchele, akalitia begani kama mto.

Ndipo fikira ikamjia: bega lilikuwa zima, alichoogopa ni panga. Jana ilikuwa siku ya tisa. Nyumba zote za milimani, kila chuma chenye makali hupakwa damu, kuanzia panga hadi mundu. Panga lililokwisha tajwa mbele ya mungu, kisha likanyimwa damu yake, nani angethubutu kulala nalo nyumba moja? Nani hata angethubutu kulitupa?

Alizunguka hadi mlango wa nyuma. Mke wa Tulsiman, Sanumaya, alikuwa ameketi kizingitini, nywele hajachana.

"Pole, dada. Jana, baada ya msiba, mumeo alichinja?"

"Jogoo," alisema Sanumaya. "Kaka yangu hajafikishwa mtoni kuchomwa, yeye anachinja jogoo. Kaingia chumba cha ibada na kikombe cha damu, kajifungia. Nikasema ni uchungu umempiga kichwani."

"Naomba nione hicho chumba."

Sanumaya alinyanyuka, akasogea kando.

Chini ya machipukizi ya shayiri yaliyooteshwa kwa sikukuu, katikati ya visu vya jikoni na mizani ya duka, lililala panga moja limefunikwa maua. Damu ilikuwa imekaukia kwenye makali. Mgongoni, vishimo vitatu, kingo zimefura.

Saa tisa alasiri watu wote waliitwa kwenye ua wa Kot. Harkabir alisimama langoni, askari pembeni yake. Dilmaya aliweka juu ya jiwe vipande viwili vya panga lililoua, na kando yake panga zima.

"Kaka Tulsiman, nyundo hii hapa. Gonga kipande kimoja, halafu panga zima."

"Mimi si fundi, Afande."

"Basi nagonga mimi." Alipiga kile kipande, nyundo ikaruka. Akapiga lile panga zima, shimo la nne likaingia, watu wa nyuma wakasikia tofauti ya mlio. "Hili limetoka chumba chako cha ibada."

"Nauza mapanga! Mtu anaweza kuniletea lolote."

"Lina damu ya jogoo wako. Ulikuwa na korongo zima la kulitupia. Mbona hukulitupa?"

Tulsiman alilitazama lile panga kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma. "Lingekuja kunitafuta," alisema. "Lilikuwa halijanywa damu..."

"Kwa nini ulilibadilisha?"

"Wateja wanaingia dukani, wanapapasa mgongo wa panga, wanauliza, hili ni la Harkabir? Wanatoka. Nilimwomba atie alama yake kwenye yangu, akanicheka. Nilitaka la kwake livunjike hapa, watu waone. Aibu tu! Sikujua litaruka."

"Ulijua kiasi cha kwenda nyuma ya ukuta."

Hapo Sanumaya akapenya mbele. Hakupiga kelele.

"Bega lako limepona?" alimuuliza mumewe.

Askari wakamtia pingu.

Watu walianza kutawanyika, na hakuna aliyemwendea Harkabir kumwomba radhi. Aliyekuwa na galoni jana alipita akiangalia viatu vyake. Mhunzi alikuwa amesogea hatua moja ndani ya lango ili aone panga lake. Alipotoka, kuhani akanyunyiza maji kupatakasa pale alipokanyaga.

Dilmaya akaona. Harkabir pia akaona.

"Afande," alisema Harkabir, "hilo panga linakwenda mahakamani?"

"Ndiyo. Litarudi kesi ikiisha."

"Likirudi, lisiingizwe tena humo. Niletee mimi."

"Panga lililopita jaribio la Kot? Utalifanyia nini?"

"Nitapasulia kuni," alisema, akashika njia ya kwake.